Taa za Gari la Marehemu Sabino

Mama mkwe wangu, Doña Basilia, hajawahi kunipenda, na mimi sikuwahi kujisumbua kumtafutia sababu ya kunipenda. Tuliishi nyumba moja huko El Alto, mji wa baridi juu milimani, jiko moja, choo kimoja, bomba moja la uani linaloganda kila asubuhi. Tulivumiliana kwa ajili ya Casimiro, ambaye ni mwanawe na ni mume wangu, na ambaye tukianza kugombana tu hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli kwa jirani.

Sababu aliyokuwa akiitaja yeye ni ulokole wangu. Mimi nimeokoka. Sinywi, sichezi ngoma za Kanivali, wala sichomi mafuta ya llama, yule mnyama wa manyoya wa milimani, kumlisha Mama Ardhi. Kwa Doña Basilia hayo yote yalikuwa sawa na kumtemea mate mlangoni pake. Alikuwa akiwaambia majirani nami nipo pale pale namenya viazi: "Huyu mlokole anakula vya ardhi asubuhi, mchana na jioni, lakini kumrudishia tone la bia hataki. Uchoyo tu huo. Dini gani?"

Nami sikuwa bubu. Nilikuwa nikimjibu kwamba kama ardhi ina kiu, mvua ipo.

Basi tuliendelea hivyo, huyu anarusha lake, huyu anarudisha lake, mpaka ugomvi ukafika kwenye gari.

Gari lilikuwa la baba mkwe, Don Sabino, Mungu amrehemu, mtu mpole aliyetuachia kelele yote sisi wawili. Alipofariki, Doña Basilia alizichukua funguo akazifunga kwa pini kwenye aproni yake, na huko zikakaa. Alizitoa Alhamisi na Jumapili tu, siku za soko kubwa, kwa sababu mimi nauza mablanketi na furushi la mablanketi haliingii kwenye basi dogo la abiria. Dereva ni mimi. Baba yangu aliendesha magari ya abiria ya kwenda Viacha maisha yake yote, akanifundisha kuendesha na kufungua boneti kabla sijafundishwa kupika. Casimiro anajua kuendesha pia, lakini akiona lori mbele hufumba macho. Kwa kifupi, bila lile gari sina kibanda, na bila kibanda ningebaki jikoni kutwa nzima na mama mkwe. Afadhali jela.

Sasa, kwetu Jumanne ya Kanivali hakuna gari linaloachwa hivi hivi. Linafungwa utepe, linavishwa maua, linarushiwa vikaratasi vya rangi, kisha linamwagiwa bia ili Mama Ardhi alilinde barabarani. Don Sabino ndiye aliyekuwa akifanya. Kanivali ya kwanza baada ya kifo chake, Doña Basilia akatoka mwenyewe na chupa. Mimi nikajifungia chumbani, nikafungua kitabu cha nyimbo, nikaimba kwa sauti. Nikamsikia ananiita dirishani, "Rebeca! We Rebeca!" Nikajua ananichokoza, nikaongeza sauti. Akaita tena, nikaongeza tena. Halafu nikasikia bia inachuruzika juu ya bati, na mume wangu anapiga makofi. Tangu siku hiyo ikawa kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi chupa inatoka, nami naimba.

Pasaka ilipopita, taa za mbele zikaanza kukonyeza.

Mwanzoni ilikuwa kwenye mashimo tu. Gari linaruka, taa zinafifia, zinarudi. Baadaye zikawa zinakonyeza hata kwenye lami nyoofu, na ukiwasha taa kali ndio zinachanganyikiwa kabisa. Nikabadilisha balbu. Nikakaza betri. Wapi! Na huku kwetu mtu hatembei bila taa, hata mchana. Polisi wa barabara kuu wanakusimamisha zisipowaka, na ukungu ukishuka kutoka milimani huoni hata pua ya gari lako mwenyewe.

Ukungu huo ndio ulionikuta Jumapili moja alasiri, natoka soko na Doña Basilia kiti cha mbele. Alikuwa amekuja kununua chuño, maana hivyo viazi vya kukaushwa na baridi haniamini kuvichagua. Taa zikazima zote mbili kwa pamoja. Kabla sijavuta hata pumzi moja, zikarudi, na mbele yangu likawa limejaa lori zima, honi inalia mpaka masikioni kukauma. Nikakata usukani. Tukaishia kwenye majani makavu ya kando, chuño imemwagika miguuni, mimi bado nimeukumbatia usukani.

Mama mkwe alikuwa ametulia. Alinigeukia polepole, kofia yake imekaa vilevile juu ya nywele zake.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona nini?"

"Usijitie hamnazo. Gari linakukataa. Mtu hawezi kukaa ndani ya gari la Sabino na kuimba matusi wakati watu wanalibariki."

"Zile ni nyimbo za Mungu, Mama."

"Ni matusi. Nilikuwepo."

"Ni waya, Mama! Kuna waya umelegea mahali!"

"Wewe ndiye uliyelegea," akasema, akainama kadiri alivyoweza kuokota chuño, akashindwa kufika, akaniamuru niokote mimi.

Tulipofika nyumbani hakuingia ndani hata kuvua shali. Alichukua chupa, akaja mpaka pembe ya kushoto ya gari, akashika ukuta kwa mkono mmoja kama kawaida yake, akammwagia Mama Ardhi chupa nzima juu ya boneti, akimwomba radhi kwa niaba yangu kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Alhamisi iliyofuata taa zilikonyeza kupita zamani. Akamwaga tena. Zikazidi.

Hapo ndipo alipompigia simu Hilarión.

Hilarión ni mwanawe mkubwa, anakaa Oruro, na gari lile alikuwa amelitolea macho tangu matanga. Mama mkwe alizungumza naye tukiwa mezani, kusudi nisikie. "Njoo Jumamosi ulichukue, mwanangu. Kwako litabarikiwa na watu wazima. Hapa kuna mtu anayelitia nuksi." Akakata simu, akaendelea na supu yake.

Nikamtazama Casimiro. Casimiro akaitazama supu.

"Mama," nikasema, nikijizuia kwa nguvu zangu zote, "gari likienda Oruro mimi nitauza nini, na wapi?"

"Muulize mchungaji wako."

"Haya. Jumamosi si ndiyo? Nikilipata tatizo kabla Hilarión hajamaliza chakula, funguo zinabaki hapa. Tena zinabaki kwangu, si kwenye aproni. Nisipolipata, aende nalo, na sitasema neno."

Aliniangalia juu chini. "Hutasema neno? Hilo peke yake ningelitolea magari mawili," akasema. "Haya, nimekubali."

Jumamosi Hilarión alifika mapema kuliko tulivyotegemea, amevaa koti la ngozi, amebeba mto wa kukalia garini. Mto! Alikuja na mto wake kabisa, kama mtu aliyekwisha kuhamia. Akazunguka gari akipigapiga matairi kwa kiatu, akamkumbatia mama yake, akanipungia mimi kwa kidole kimoja.

"Shemeji! Naambiwa siku hizi umekuwa fundi. Basi ukimaliza hapo, nina redio nyumbani haishiki stesheni."

"Ilete," nikasema. "Na kichwa chako ukilete, nacho hakishiki."

Nikafungua boneti. Doña Basilia aliletewa kiti chake kirefu, kile cha kaunta, kwa sababu kwenye vigoda vya kawaida akikaa hanyanyuki. Akakaa uani na beseni la maharage mapajani, anabambua, ananitazama. Nyama ilikuwa jikoni inachemka, na harufu yake ilikuwa ikinikumbusha kwamba muda unakwenda.

Nikamweka Casimiro ndani ya gari, nikamwambia awashe injini na taa. Zikakonyeza.

"Alteneta hiyo," Hilarión akasema, mikono mfukoni. "Imekufa. Oruro nina mtu wa alteneta."

"Casimiro, washa taa ya ndani," nikasema. "Inacheza?"

"Haichezi."

"Piga honi."

Ikalia vizuri, mbwa wa jirani wakajibu.

"Alteneta inalisha umeme gari zima, ingekuwa imekufa kila kitu kingecheza," nikamwambia Hilarión. "Kinachocheza ni taa za mbele peke yake. Mpe salamu mtu wako."

"Basi ni fyuzi."

"Fyuzi ikiungua inaungua, haifi na kufufuka."

"Inafufuka kwa walokole," akasema, na mama yake akacheka mpaka maharage yakaruka. Sijui kwa nini kicheko kile kiliniuma kuliko yote. Nilisikia machozi yanakuja, nikayarudisha, maana kulia mbele ya wale watu wawili kungekuwa sawa na kuwafungia gari utepe.

Nikachomoa relei ya taa, kile kiswichi kidogo kinachopitisha umeme, nikaweka ile ya honi, kwa kuwa zinafanana. Zikakonyeza. Nikaushika mkungu mzima wa nyaya unaokwenda mbele, nikautikisa kipande kwa kipande, nikimwambia Casimiro apige kelele akiona mabadiliko. Hakuona. Nikachomoa soketi za balbu, nikazichungulia, zilikuwa safi. Mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi. Jikoni mfuniko wa sufuria ukaanza kugongagonga.

"Nyama inaelekea kuiva," Doña Basilia akasema, hakuniambia mimi, aliyaambia maharage.

"Mama, mwambie akubali tu," Hilarión akasema. "Nataka nipite Patacamaya kabla ukungu haujashuka."

"Na taa hizo?" nikamuuliza. "Utapitaje?"

"Zikiondoka hapa zitapona."

Nilitaka kumrushia spana. Haki ya Mungu nilitaka. Badala yake nikakumbuka jambo ambalo baba yangu alikuwa akinigombeza nalo kila siku: kwamba naangalia umeme unakoingilia, siangalii unakotokea. Taa inapokea umeme kwa waya mmoja, halafu umeme huo lazima urudi kwenye betri kupitia bodi ya gari, kwa waya wa ethi. Waya huo umefungwa kwa bolti mahali fulani, chini, gizani, na hakuna anayeukumbuka. Ukilegea, taa zina chakula lakini haziwezi kumeza.

Nikatafuta kipande kirefu cha waya kwenye kopo la misumari la Don Sabino. Ncha moja nikaibana kwenye hasi ya betri. Ya pili nikaichomeka nyuma ya taa, kwenye mguu wa ethi.

Taa zikatulia.

"Casimiro, washa kali!"

Zikawaka kali, nyeupe, zimetulia kabisa ukutani. Nikapiga bampa teke. Zikatulia. Casimiro akaanza kurukaruka kwenye kiti mwenyewe, bila kuambiwa, gari zima linayumba, na taa hazikupepesa hata mara moja.

"Umelizuga tu," Hilarión akasema. Lakini alikuwa ametoa mikono mfukoni.

Nilikuwa nimekwisha kujua ninachokitafuta, nikautoa waya wangu na kulala chali kwenye saruji ya baridi, nikachungulia chini ya taa ya kushoto. Bolti ilikuwepo. Ethi ya taa zote mbili imefungwa pale pale, chini kabisa ya pembe ya boneti. Sikuiona bolti yenyewe, niliona kijani. Kutu ya kijani imevimba kama ukoko wa uji, na imenatana na kitu cha rangi. Nikaikwangua kwa bisibisi, ikaniangukia shavuni. Nikaishika. Nikainusa.

Vikaratasi vya Kanivali. Vya pinki na vya njano, vimegandishwa na bia.

Nilicheka nikiwa chini ya gari. Nilicheka mpaka Casimiro akaniuliza kama nimeumia.

Niliisugua bolti kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikasugua na kichwa cha waya, nikakaza, nikapaka grisi ili maji yasiingie tena. Halafu sikunawa. Nilikwenda jikoni, nikachukua sahani, nikakwangulia juu yake ule ukoko wote na vikaratasi vyake, nikaiweka mezani mbele ya Doña Basilia, katikati ya chuño na pilipili ya kusaga, wakati Hilarión anajipakulia.

"Mama, nuksi yako hiyo," nikasema. "Ionje."

Hilarión akasogeza pua, akaiondoa.

"Bia hii," akasema polepole.

"Bia ya nani? Mimi sinywi! Kila Ijumaa, kila taa zikikonyeza, chupa nzima, juu ya boneti! Inapita kwenye ufa, inashuka kwenye bolti, inakula chuma. Tulikaribia kuuawa na lori kwa bia yako, Mama, halafu unasimama uani unamwomba Mama Ardhi anisamehe mimi! Mimi!"

Nilikuwa napiga kelele. Nilijua napiga kelele, na nilikuwa naona raha. Miaka yote ile nilikuwa nimeyabeba maneno yale bila kuyajua, na sasa nilikuwa nampa vidonge vyake kimoja kimoja mbele ya wanawe wote wawili.

Niliuona uso wa Doña Basilia umekuwa mwekundu, kisha mdogo. Akafungua pini kwenye aproni. Vidole vyake vilihangaika nayo, na hakuna aliyemsaidia. Akaziweka funguo kwenye ile sahani, juu ya ule uchafu, akanyanyuka, akaenda chumbani kwake akishika kuta.

Hilarión alirudi Oruro kwa basi na mto wake.

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Alhamisi nilipeleka mablanketi, Jumapili nikapeleka mablanketi, funguo zimo mfukoni mwangu zinanigusa paja. Ukungu ulishuka, nikaupasua. Nyumbani mama mkwe hakunisemesha, nami nilimpa chakula chake bila kumsemesha. Nikasema moyoni, nimeshinda, na iwe hivyo mpaka mmoja wetu azikwe.

Ikaja Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Nilikuwa jikoni nikasikia mlango wa chumba chake, kisha kiatu chake kinaburuza kwenye saruji. Nikachungulia. Kofia, shali ya sherehe, chupa mkononi, anaelekea ile pembe ya kushoto.

Nilitoka mbio na mikono yenye unga.

"Usithubutu!"

"Sogea."

"Sisogei. Juu ya boneti, hata tone!"

"Ni gari la Sabino."

"Don Sabino hakumwaga juu! Nilikuwa naona. Alimwaga chini, kwenye matairi, kwenye ardhi. Huyo Mama Ardhi wako anakaa juu ya boneti? Mimina kwenye tairi kama watu wengine!"

"Sabino alikuwa na magoti," akasema.

Hakuisema kwa huruma. Aliisema kwa chuki, meno yamebanana. Halafu, mbele yangu, akashika kioo cha pembeni na kujaribu kuinama. Alishuka kidogo. Mguu ukaanza kumtetemeka chini ya sketi zake zote zile, chupa ikagonga mlango, akabaki pale nusu njia, hashuki, hapandi, mpaka nikamshika kwapani kumnyanyua. Akanipiga mkono.

"Kanivali ile ya kwanza nilikuita," akasema. "Huyu Casimiro alikuwa amekwisha kulewa, angeanguka nayo. Nilisimama dirishani nikakuita. Nilitaka uniinamie tu, uimimine pale chini, basi. Maneno ningesema mimi. Nilikuita kama mara ngapi? Na wewe ukazidisha wimbo."

Nilifungua mdomo nimjibu. Nilikuwa na jibu kila siku kwa mwanamke yule, tangu niolewe. Siku hiyo nilitafuta nikakosa, na kukosa kule kukanitia hasira kuliko kitu chochote alichowahi kunifanyia.

Nikamgeukia mume wangu, aliyekuwa mlangoni. Casimiro akakumbuka kwamba ana shughuli kwa jirani.

"Lete," nikasema.

Akanipa chupa. Mchungaji wangu anakaa barabara ile ile, nyumba ya nne, na ukuta wetu ni mfupi. Nilipiga magoti kwenye saruji, yangu yanakunja vizuri, nikaelekeza mdomo wa chupa chini kabisa, kwenye tairi la mbele, mbali na taa. Bia ikatoa povu, ikaingia kwenye ufa wa saruji. Sikusema neno lolote. Juu ya kichwa changu Doña Basilia alikuwa akiyasema yote, kwa Kiaimara, lugha ya wazee wake, polepole, akilitaja jina la Sabino, na mkono wake ulikuwa umenishika bega ili asianguke, umenibana kwa nguvu mpaka unaniuma.

Alipomaliza nikataka kunyanyuka. Mkono haukutoka.

"Na la nyuma," akasema. "Na usibane bia, we mlokole."

Nikaenda kwenye la nyuma.